Babu Usingizi

Nyumbani waliniita Babu Usingizi. Mjukuu wangu wa miezi mitano huwatoa jasho wote, lakini mlaze kifuani pangu mchana nikirudi kutoka karakana: dakika mbili, kimya. Mke wangu alinuna.

"Mimi niliyezaa sita nashindwa, wewe fundi wa vanishi unaweza!"

"Kipaji hakiuzwi dukani, mama watoto."

Pua yangu ilikufa zamani. Miaka thelathini ya kupuliza vanishi kwenye makabati, kisha kunawa mikono kwa thina ya kuyeyushia rangi kana kwamba ni maji. Fundi aliyetafuta sabuni tulimwita bibi harusi.

Alhamisi mpwa wangu, anayefanya kazi maabara, akaniletea kadi ya njano iliyopakwa unga.

"Mjomba, unga huu una vishimo visivyoonekana kwa macho. Mvuke wa thina ukipita, unaingia humo kama mgeni aliyepewa chumba, na kadi inakuwa nyekundu. Hewa safi ikija, mgeni anaondoka, rangi inarudi."

"Refa mzima huyu! Karakana atanitoa hata mechi haijaanza. Mtundike hapa hapa nyumbani."

Akaitundika juu ya kitanda cha mtoto.

Kesho yake sikwenda kazini. Nimeoga, shati limetoka kwenye kamba. Mpwa wangu amekuja kuitazama kadi yake, njano tupu. Nikainama kumchukua mjukuu aliyelala.

Kadi ikaanza kuiva wekundu, polepole, kuanzia pembeni.

Nikarudi nyuma mpaka dirishani. Njano. Nikasogea. Nyekundu.

"Imeharibika," nikasema. "Humu hamna thina."

Mpwa wangu hakucheka. Aliitungua kadi, akaishika mbele ya mdomo wangu.

"Pumua, mjomba."

Nikapumua. Ikawa kama damu.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Kwa hiyo ule," akasema taratibu, "haukuwa usingizi."

Nikakumbuka wiki iliyopita: tulimtikisa mtoto mara tatu kifuani pangu ndipo akafumbua macho. Tulicheka sana siku ile.

Mtoto akaamka. Akaniona, akaninyooshea mikono. Nikarudi nyuma mpaka ukumbini, mikono yangu mgongoni. Akaangua kilio, nyumba nzima ikatetemeka. Mke wangu akamkimbilia ambembeleze.

"Mwache," nikasema. "Mwache alie kidogo. Nimsikie."