Kaburi la Jivu

Ofisi ya mgodi ilinipa kazi ya kuandika historia ya machimbo yetu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na siulizi maswali. Nikaanza: "Hapo mwanzo palikuwa na dhahabu." Uongo mtupu. Hapo mwanzo palikuwa na jivu.

Jivu ndilo jina tulilolipa jiwe la kijivu lililoizingira dhahabu. Wachimbaji walilitukana, wakalitupa, wakafukia nalo mashimo ya barabarani. Mama alipofariki, baba yangu, mwashi, alisema, "Sina fedha," akaliokota jivu na kumjengea kaburi. Waliozika kwa marumaru walicheka chinichini. Kila wiki baba alikwenda kulifagia na kuomba radhi: "Mama watoto, nivumilie. Nikipata fedha nitakujengea la maana." Miaka ishirini na sita, maneno yale yale.

Mwezi uliopita akaja mpimaji wa madini na kimashine chake. Akakigusisha kaburini, akasoma, akarudia.

"Mzee, hapa pana fedha nyingi."

Baba akatazama huku na huku. "Za nani?"

"Si za mfukoni, mzee. Fedha ya madini. Jiwe lenyewe."

Baba alicheka mpaka akapaliwa, kisha akalia waziwazi. "Kumbe mwenzangu kalala kitajiri, mimi namwomba radhi kwa umaskini!"

Ofisi haikucheka. Ikaleta barua: madini yote ni mali ya mgodi, kaburi libomolewe, familia ijengewe la marumaru bure. Meneja akaniita. "Mweleze mzee vizuri. Si ndicho alichokuwa anakitaka?"

Nilimweleza, roho ikiniuma. Baba akavua miwani.

"Hiyo ofisi ya meneja nani aliijenga?"

"Wewe, baba."

"Kwa mawe gani?"

"Ya jivu."

"Basi waanze na kwao. Ikishalala chini, waje kwa mama yako."

Nikayafikisha maneno hayo kama yalivyo, na kwa usalama nikayaandika pia kwenye historia, ukurasa wa kwanza. Meneja akasoma, akageuka, akaupapasa ukuta nyuma ya kiti chake. Barua ikarudi kwenye faili, na mimi nikaambiwa historia imetosha.

Wiki hiyo baba alikawia makaburini. Nikamuuliza kama ameomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema, akikung'uta ufagio. "Leo tumepiga soga tu."