Kibanda cha Werugha Kilichoshuka Voi

Jumatatu alfajiri Penina alikamua ng'ombe, akafunga viazi vitatu kwenye jani la mgomba, akaanza safari ya Voi kwenda kuikataa kodi. Ukungu wa Werugha ulikuwa haujainuka. Alipofika mteremkoni alisikia mchakacho nyuma yake, akageuka. Kibanda cha marehemu mama mkwe wake kilikuwa kinamfuata, kimeinua nguzo zake kidogo kama mwanamke anayevuka tope.

"Haya, twende," alikiambia.

Kisa kilikuwa kibanda hicho. Ni miaka miwili tangu bibi kizee azikwe, na humo ndani hakuwa amelala mtu wala mbuzi, lakini jumbe alikiandika vilevile kwenye kitabu cha kodi, kwa jina la Penina. Penina alikuwa akilipa kodi ya kibanda chake mwenyewe. Mumewe alifia vitani akiwabebea Wazungu mizigo. Mwanawe Obadiah alikuwa akikata mkonge kwenye shamba la Mzungu apate kodi ya kichwa. Miezi mitatu ya jasho ili aruhusiwe tu kuwa na kichwa.

Walipofika Mwatate mvua ikawakuta. Penina akaingia kibandani, akalala. Asubuhi wakaendelea, na jua lilipokuwa kali kibanda kilitembea upande wa jua, yeye akaenda kivulini mwake.

Voi, mlinzi wa reli alikizuia kibanda mpaka gari la moshi lipite. Penina akangoja kwa Khamisa, mama wa Kiislamu aliyeuza chai na mahamri karibu na stesheni. Alinunua pia chumvi kidogo, akashangaa bei.

"Dada yangu, hiyo nayo ina kodi ndani," Khamisa alimwambia. "Ushuru. Mhindi kaulipa bandarini Mombasa, mimi nikamlipa Mhindi, sasa wewe wanilipa mimi."

"Na mimi nitamdai nani?"

"Wewe utaila."

Ofisi ya kodi ilinuka ngozi za mbuzi. Karani, Mwinyihaji, alikuwa anakula maini ya kukaanga. Kila alipotaka kufungua ukurasa alilamba kidole gumba, na kurasa zote za watu wa milimani zilikuwa zimelowa mafuta; nzi walitua juu ya majina, wakahama, wakatua tena.

"Vibanda viwili," Mwinyihaji alisema.

"Kimoja hakina mtu, Bwana Karani. Nimekuja nacho ukione."

Mwinyihaji alichungulia dirishani. Kibanda kilikuwa kimesimama uani, kinatweta kidogo. Alifuta mdomo, akatoka, akainama kuchungulia mlangoni.

"Jana umelala wapi, mama?"

"Mwatate. Mvua ilininyeshea, nikaingia humu."

"Basi kinakaliwa."

Akarudi mezani akaandika. Kisha akaangalia tena dirishani, akaandika mstari wa pili.

"Huo ni nini?"

"Kodi ya kiwanja. Kibanda kimesimama kwenye ardhi ya mji."

"Basi kifute Werugha. Huko hakipo tena."

"Werugha kiliandikwa na jumbe, siwezi kufuta mkono wa jumbe."

Penina alimwangalia mtu huyu, na kidevu chake kinachong'aa mafuta. "Na ile nyumba ya bwana wa mkonge, yenye madirisha kumi na mawili, analipa ngapi?"

"Ile si kibanda. Sheria imesema kibanda." Mwinyihaji alichokoa jino. "Sheria ni msumeno, mama. Hukata mbele na nyuma."

"Huu wenu nimeuona. Unakata kwetu tu."

Alitema mate pale pale sakafuni. Mwinyihaji aliyatazama, akalamba kidole, akatafuta kama mate yana ukurasa. Hayakuwa nao.

Penina alirudi milimani peke yake. Alimuuza ng'ombe kwa mtu wa Mwatate ambaye alijua kabisa kwa nini anauzwa, na kwa hiyo akatoa bei ya mbuzi. Obadiah alipoletewa habari aliweka kidole chake kwenye mkataba wa miezi mingine sita.

Kibanda hakikurudi. Kilikuwa kimejitafutia mashimo ya nguzo katika uwanja wa ofisi na kutulia. Masika yalipoanza, bwana mkubwa wa ofisi aliona kuwa ni kikavu na chenye hewa nzuri, akamfunga farasi wake humo. Farasi alinenepa. Watu waliokuja kulipa walizoea kumsikia akitafuna mahindi wakiwa kwenye foleni.

Kila mwaka Penina alishuka Voi kulipa kodi ya kibanda kile, na kila mwaka aliuliza kwa nini asilipe anayelala ndani. Mwinyihaji alimjibu kwa upole kwamba amekwisha kutazama kitabuni, na farasi hayumo.