Buluu ya Upande Mmoja

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga aliyevaa glovu nyeupe za pamba na kushika kioo cha kukuzia.

Kazi yangu ni kupima picha za papo kwa papo, zile zilizotoka kwenye kamera na kujisafisha zenyewe mkononi. Wakusanyaji wa kumbukumbu za michezo huniletea niwaambie ni za lini, na kama ni za kweli au zimezeeshwa kwa kuchovywa kwenye chai.

Hii aliileta shemeji yangu, mjane wa kaka yangu bondia. Aliikuta chini ya soli ya ndani ya kiatu cha marehemu. Kaka amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, taulo kichwani, na Bingwa, mpinzani wake, amemshika bega. Sahihi ya Bingwa iko kwenye ukingo mweupe.

Walipigana mara mbili mwaka aliofariki kaka: kwanza msimu wa baridi, kisha marudiano kwenye joto la kuyeyusha lami. Usiku wa marudiano kaka alirudi nyumbani, akalala, hakuamka. Kocha wake aliapa kwamba alimwachia mzima. Basi mama yetu akahitimisha kuwa kilichomuua kilikuwa nyumbani: ugomvi, na mke. Tangu mazishi hajapokea hata maji mkononi mwa shemeji.

Sasa wote watatu walikuwa wamebanana mezani kwangu. Kocha anakusanya kila kilichoguswa na Bingwa, na picha ile aliitaka kufa na kupona. Mama aliombwa na shemeji aje asikie kwa masikio yake.

"Shemeji, hicho kiatu ulikifua kwanza?" nikamtania. "Maana kaka yangu, ngumi zikishindwa, alikuwa anavua viatu, harufu imalize kazi."

"Pima, shemeji. Utani baadaye."

Nikaigeuza. Namba za kiwandani nyuma zilitaja mwaka ule ule; hazikunisaidia. Nikatazama rangi. Buluu. Picha hizi zikijisafisha kwenye baridi huwa buluu, kwenye joto huingia manjano. Kwetu hilo ni somo la kwanza.

"Msimu wa baridi," nikatangaza kama refa. "Pambano la kwanza."

Kocha akapiga paja. "Si nilisema? Siku ile hakutoka hata na mchubuko!"

Mama akavuta mtandio wake aondoke. Shemeji hakulia. Alielekeza kidole kwenye taulo bila kuigusa picha.

"Umeangalia mgongo, umeangalia kingo, umeangalia rangi. Picha yenyewe umeiangalia?"

Nikainama tena. Taulo lilikuwa limetuna upande mmoja, limefunga kitu. Maji yalimchuruzika kaka shingoni, na mimi nilidhani jasho. Miguuni pake palikuwa na ndoo ya barafu. Nikarudi kwenye ile rangi yangu: buluu ilikuwa kushoto tu, ikakatika ghafla, na kulia kote manjano. Baridi ya msimu haichagui upande. Picha ilijisafisha kwenye joto, nusu yake imelazwa juu ya barafu.

Halafu nikauona mkono wa Bingwa. Haukuwa begani. Ulikuwa umepita chini ya kwapa, umeshika kwa nguvu hadi vidole vimezama kwenye nyama. Nimeshika picha za kaka yangu maisha yangu yote, na hii nilikuwa nimeipima kama sarafu.

"Nimekosea," nikasema. "Ni ya marudiano."

"Sasa barafu ndiyo nini?" Kocha akaruka. "Mabondia wote wanawekewa! Mama, naapa, mwanao alitoka pale anatembea, anacheka, ananitania mpaka mlangoni! Ningempelekaje hospitali mtu anayecheka?"

Mama akaninyang'anya kioo. Alikaa nacho juu ya picha muda mrefu, mkono wake mwingine ukishika mkono wa shemeji. Kisha akainua uso.

"Mwanangu huyu hapa anashikiliwa ili aweze kukaa, Kocha. Huyo uliyemwona anatembea na kucheka alikuwa wa nani?"