Wali Bila Nailoni

Kuku wa Yustina walikuwa wamenenepa kupita kiasi, na hilo ndilo lililomfanya aanze kuchunguza. Mchele wake ulitoka kijiji cha Mamba, ule unaonukia hadi barabarani, na hakuwahi kuwatupia kuku hata punje. Mchana mmoja akajibanza nyuma ya jiko. Akamwona mkwewe Mercy akitokeza uani na sahani, akiangaza kushoto na kulia, kisha akiwamwagia kuku wali wote. Alipomaliza aliingia ndani kula kiazi cha kuchemsha.

Yustina alikaa chini palepale. Mkwe anayemwaga chakula cha mama mkwe, tena mkwe mjamzito, mtaani kwao Mpanda alikuwa na maana moja tu: anaogopa kulogwa. Na Specioza, jirani yake na mwenyekiti wa kamati ya sherehe pale kigangoni, kwenye kanisa lao dogo, alishaanza kuuliza kwa sauti ya huruma kwa nini Mercy siku hizi hataki kula akiwa na watu. Specioza akishakuhurumia, ujue mtaa mzima umeshaambiwa. Yustina aliumia sana. Yule binti alimpenda, na mimba ile ndiyo ingemletea mjukuu wa kwanza.

Akamfuata ndani. "Mwanangu, niambie ukweli. Mimi ni mchawi?"

Mercy alidondosha sahani. Ilikuwa ya plastiki, haikuvunjika.

"Hapana, mama! Si wewe. Ni nailoni."

Hapo lazima tueleze. Penye sherehe au msiba, kuanzia Mpanda mjini hadi Kasekese, Yustina ndiye aliyeitwa kupika wali, na sifa yake yote ilikaa kwenye nailoni. Maji yakishakauka, anatandaza nailoni juu ya wali, anabana mfuniko, anapalia makaa. Mvuke hautoki, na kila punje inajitegemea. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wenzake waliisalimisha. Yustina aliweka akiba.

"Nilisikia redioni, nikamuuliza na nesi kliniki," Mercy alisema, akitazama sakafu. "Plastiki ikipata moto inaachia vipande vidogo sana, huvioni kwa macho. Tunavila. Wamevikuta kwenye damu za watu, wamevikuta hata kwenye kondo la nyuma, mama. Kule kule anakopatia chakula mtoto."

"Vinamfanya nini?"

"Bado hawajajua vizuri. Wanasema vinaweza kudhuru, ila wanachunguza. Nesi alisema tu tupunguze. Chakula cha moto na plastiki visikutane."

"Kwa hiyo unakimbia chakula changu kwa kitu ambacho hata wenyewe hawajakijua."

"Ningekuwa najua, nisingeogopa hivi," Mercy akajibu, akaanza kulia.

Yustina alitamani lingekuwa suala la uchawi. Uchawi angeapa mbele ya padri, likaisha. Kwa nailoni angeapa nini? Alimwita mwanawe Deogratias aamue. Deogratias alimsikiliza mama, akamsikiliza mke, akakumbuka kwamba pikipiki yake ina pancha, akaondoka.

Kesho yake Yustina alifunika wali kwa kipande cha kiroba cha mchele, alichokifua kwanza kwa sabuni. Alikuwa amejishinda nafsi na alitaka ionekane.

"Mama," Mercy alisema kwa upole, "kiroba nacho ni plastiki. Wameisuka tu."

"Hili ni gunia!"

"La katani lingekuwa sawa. Hili si la katani."

Yustina alikitazama kile kiroba kama ndugu aliyemgeuka. Halafu, kwa hasira, akaamua kufanya kazi kamili. Vikombe vya plastiki vya chai vikageuka vya kuoteshea mboga. Uji ukaanza kunywewa kwenye bakuli za bati. Chupa za maji zilizokuwa zikishinda juani dirishani akazitoa, maji yakarudi mtungini. Na wali akaufunika kwa majani ya mgomba. Kwenye sufuria ndogo ya nyumbani uliiva vizuri, na Mercy akala, ingawa mlango ulikuwa umefungwa na hakuna jirani aliyeona.

Ikafika sherehe ya kipaimara. Sufuria za kigango ni kubwa na mifuniko yake imepinda, kila mmoja kwa upande wake. Specioza akaja na nailoni mpya kabisa, bado imekunjwa.

"Mama Deo, hii hapa. Leo tunakula wali wako."

Yustina aliishika. Akiitumia, wali ungetoka kama kawaida yake, na Mercy asingeugusa mbele ya kigango kizima. Asipokula pale, maneno ya mtaa yangekuwa hukumu.

"Leo napika kwa majani," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeamua."

Majani yalinyauka upesi, mengine yakaungua. Mvuke ukatoka kwenye mifuniko kwa raha zake. Watu walipoanza kula, ikaanza kusikika milio ya meno. Mzee mmoja alitema punje kiganjani, akaikagua. Specioza akasema, kwa ile sauti yake ya huruma, kwamba Mama Deo naye umri umeenda. Yustina alisimama na upawa wake mkononi, aibu imempanda hadi masikioni.

Mercy akaja na sahani ya bati aliyoibeba kutoka nyumbani. Akapakuliwa. Akaenda kukaa katikati ya akina mama, mbele ya Specioza, akala. Alitafuna mpaka punje ya mwisho, watu wakimwangalia kijiko kwa kijiko, kisha akainuka na tumbo lake, akarudi kwenye sufuria.

"Niongezee, mama."

Yustina akamwinamia sikioni. "Mwanangu, wali una kiini."

"Najua."

"Utaumwa tumbo."

"Niongezee tu. Wanatuangalia."

Yustina alimwongezea. Alikuwa na furaha mpaka akasahau kurudisha mfuniko. Akajipakulia na yeye, akaenda kukaa karibu yake, na wawili hao wakaendelea kutafuna kwa bidii, bila haraka.