Pasi ya Shangazi Prudencia

Umeme ulikatika mtaani kwetu Kiseke saa sita mchana, na saa nane ilipogonga haukuwa umerudi. Mama yangu, Kokulinda, alikuwa chumbani na mpira wa oksijeni puani. Mashine ilinguruma kando ya kitanda kwa hisani ya inveta na betri moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wenzangu wakiwa na hofu husali rozari. Mimi hupiga hesabu, husali, kisha hurudia hesabu.

Kibandiko cha mashine kilisema volti 230, ampea moja na nusu. Ukizidisha unapata wati 345. Kwa mzigo huo betri iliyojaa ingedumu saa tatu na nusu, na mbili zilikuwa zimeshaliwa. Kaka yangu Muganyizi alikuwa Mkuyuni kuazima jenereta kwa rafiki yake Maige. Kila nilipompigia alijibu, "Nipo njiani," na sote tunajua kauli hiyo ina urefu gani.

Kwa kuwa inveta ililisha nyumba nzima, nilikuwa nimechomoa friji, televisheni, hata chaja za simu. Niliacha taa moja ya ukumbini kwa sababu haili kitu. Taa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Shangazi Prudencia, dada wa marehemu baba, alifika kutoka Bukoba na begi lake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini akakataa kwenda kwa mgonjwa moja kwa moja. "Nioge kwanza, Kemilembe. Safari imenichakaza." Nikamwonyesha chumba cha nyuma, nikarudi kwa mama kusikiliza mashine.

Nilikwenda kuitazama betri tena. Badala ya karibu nusu, ilisoma chini ya robo. Nikarudia hesabu, nikaona hesabu yangu haina kosa. Ndipo niliposikia harufu ya kitambaa chenye joto.

Shangazi alikuwa ametandika blanketi mezani, ananyoosha gomesi yake ya zambarau, lile gauni refu la heshima lenye mabega yaliyosimama, taratibu, pindo kwa pindo.

"Pasi yenu ni kali kweli," akasema kwa furaha.

Nikaichomoa ukutani na kuigeuza. Volti 230, ampea tano. Ukigawanya, ukinzani wake ni omu 46, wakati wa mashine ya mama ni kama 153. Penye ukinzani mdogo umeme hupita kwa fujo. Pasi ile ilikuwa inakula wati 1,150, zaidi ya mara tatu ya mashine.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Dakika kumi za gomesi yako ni nusu saa ya pumzi ya mama!"

Kwetu hakuna anayempandishia shangazi sauti. Mikono yake ilibaki juu ya kitambaa.

"Taa inawaka," akasema polepole. "Nikajua umeme upo. Nami ningeingiaje kwa mgonjwa nimekunjamana, mwanangu? Si atadhani nimekuja kuzika?"

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga mtupu.

"Kemi," mama akaita kutoka chumbani. Nikaenda mbio. Alivuta pumzi kabla ya kusema. "Nimesikia. Hiyo nusu saa ilikuwa yangu au yako?"

"Yako, mama."

"Basi na iliyobaki ni yangu. Lete gomesi yangu ya bluu. Ipige pasi."

"Mama, jenereta haijafika!"

"Wifi yangu kasafiri tangu alfajiri, na bado hataki nimwone ovyo." Akapumzika, macho kwangu. "Mimi anikute hivi, kama mtu aliyekwisha kuagwa? Ipige pasi. Na umwombe radhi."

Nikapiga magoti mbele ya shangazi nikaomba radhi, naye akaniinua kabla sijamaliza. Kisha nikachomeka pasi. Nilinyoosha mabega, mikono na kifua tu, maana huko chini blanketi lingesitiri. Nilirudiarudia bega moja hadi shangazi akanipokonya pasi na kumalizia mwenyewe, haraka haraka, huku akinong'ona, "Inatosha? Bado inatosha?" Nikasema inatosha. Sikuwa nimepiga hesabu, niliogopa jibu.

Tukamvalisha mama, tukamwegemeza kwenye mito. Shangazi akatoka, akavaa gomesi yake, akabisha hodi kama ndiyo kwanza anafika. Wakaanza kusalimiana kwa Kihaya, salamu ndefu zisizorukwa neno. Katikati ya salamu inveta ikaanza kupiga mlio wa kuishiwa.

Nikampigia Muganyizi. Hakupokea. Nikapiga tena. Mlio ukazidi kasi, nami nimesimama ukumbini na simu mkononi, nimesahau hata sala ninazozijua tangu utotoni.

Ndipo guta la mizigo la magurudumu matatu likanguruma getini. Muganyizi na Maige wakashusha jenereta, wakavuta kamba, ikakohoa, ikazima. Wakavuta tena. Ilipowaka nikapitisha waya dirishani, nikachomoa mashine ya mama kwenye inveta na kuihamisha. Kwa muda ule mfupi ilikaa kimya kabisa.

Mama hata hakugeuza kichwa. Alikuwa amemshika wifi yake mkono, anamuuliza habari za migomba ya Bukoba, mabega ya gomesi yake yamenyooka sawasawa. Mle chumbani aliyekuwa akitweta ni mimi.