Kinyozi Aliyetaja Alama

Mtu wa mji wa Drumgannon akishakaa kwenye kiti cha kinyozi na shuka shingoni, atakueleza yote: ugomvi wake na dada yake juu ya shamba la marehemu baba yao, dawa anayomeza kwa ajili ya tumbo, na hata kile padri alichomwambia faragha. Lakini alama za mtoto wake katika mtihani wa kuingia sekondari hatakutajia, hata umshikie wembe kooni. Fergal Quigg alikuwa na uhakika na jambo hilo, maana wembe ulikuwa wake.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Neasa, binti yake wa pekee, alipata mia mbili ishirini na moja. Sasa hiyo ni nyingi au ni kidogo? Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Karatasi haikusema amefaulu wala ameshindwa. Mnarani, ile shule kongwe ya juu ya mji, huchukua watoto kwa alama, kuanzia wa juu na kushuka mpaka madawati yajae, na hakuna ajuaye mstari utakatika wapi hadi Mei. Mwaka uliopita ulikatika kwenye mia mbili ishirini na nne. Neasa alipungukiwa na tatu.

Wazazi walitakiwa kupanga chaguo zao kabla Februari haijaisha. Ukiitanguliza Mnarani ukaikosa, unakuta Mtoni, shule nzuri tu ya jirani, imeshajazwa na wale walioitanguliza yenyewe. Hapo mtoto hupelekwa kokote penye nafasi, pengine ng'ambo ya ziwa, saa nzima kwa basi, mahali asipomjua mtu. Neasa alitaka Mnarani. Hakulia wala hakusumbua. Alisema mara moja tu, akipaka siagi kwenye mkate wa magadi, "Wana chumba cha darubini, Baba, cha kutazamia nyota." Tangu siku hiyo baba yake hakupata usingizi wa maana.

Basi Fergal akageuka mpelelezi. Kila mzazi aliyeketi kwenye kiti chake alimpiga maswali ya pembeni. Vipi kijana, alirudi nyumbani na uso gani? Mmemnunulia baiskeli? Majibu ya Drumgannon yanajulikana. Mwenye mtoto aliyeng'ara husema, "Hatulalamiki." Wa katikati husema, "Tumeridhika." Yule ambaye mambo yamemwendea kombo husema, "Alijitahidi, Mungu ambariki," kisha anauliza habari za mpira. Shida ni kwamba mwaka huo wote walikuwa wakisema wameridhika, na jioni Fergal alirudi nyumbani na kichwa kimejaa vichwa vya watu.

"Yule mama, Una Mulgrew, leo kasema wameridhika," alimwambia mkewe. "Lakini alisema polepole."

Dervla, ambaye alishinda dukani akiuza dawa na hakuwa na subira na wagonjwa wa kujitakia, alimimina chai. "Fergal, huyo mwanamke anazungumza polepole tangu tukiwa darasa la kwanza."

"Na Toner je? Malachy hajaja kunyoa tangu matokeo yatoke. Anaficha kitu."

"Anaficha upara. Kunywa chai."

Malachy Toner alikuwa fundi wa matrekta, akiishi na mkewe Eithne nyumba ya tatu kutoka kwao, rafiki wa Fergal tangu utotoni. Mwanawe Cahir alikwenda shuleni na Neasa kila asubuhi, na mji mzima ulijua kwamba kwa hesabu kijana yule ni moto wa kuotea mbali. Ilisemekana hata mwalimu humtazama kwanza yeye kabla ya kuandika jibu ubaoni. Fergal alimpenda yule mtoto. Ila siku hizi, akimwona langoni akimsubiri Neasa, alijikuta anamhesabu. Huyo naye ni dawati moja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya muda kwisha, duka la kinyozi lilikuwa limejaa, mvua imewasukuma watu ndani. Una Mulgrew alikuwa amekaa benchi ya ukutani na mwanawe. Pembeni yake alikuwa Declan, mwenye duka la nyama, naye ana binti wa rika lile lile. Mzee Packie, ambaye nywele zake za kunyoa zilikuwa chache lakini hakukosa Jumamosi hata moja, alikuwa karibu na kipasha joto cha umeme akisoma habari za farasi. Kitini akaketi Malachy.

Fergal alimfunga shuka, akaanza upande wa kushoto. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya trekta la mtu fulani lililozama matopeni. Kisha Malachy akashusha sauti.

"Fergal, nikuulize kitu. Wewe hapa unasikia mengi. Ungekuwa ni mimi, ungetanguliza ipi? Mnarani au Mtoni?"

Mkasi ulisimama hewani kidogo. Mtu mwenye alama za kutosha haulizi swali hilo. Ina maana Cahir, yule Cahir wa hesabu, yuko pale pale ukingoni na Neasa, na baba yake anaogopa. Na mtu anayeogopa ukimsukuma kwa kidole anakwenda.

"Mtoni ni shule nzuri," Fergal alisema. Hilo lilikuwa kweli. "Wamejenga karakana mpya. Mtoto kama Cahir atakuwa mfalme pale." Hilo nalo labda lilikuwa kweli. "Mimi ningeweka Mtoni kwanza."

"Na Neasa? Ndivyo mnavyomfanyia?"

"Ndivyo," alisema Fergal.

Hilo halikuwa kweli hata chembe.

Malachy alishusha pumzi ndefu mpaka shuka likapanda na kushuka. "Basi nimepona. Eithne amenikalia kichwani wiki nzima, nami sijui niseme nini. Ukisema wewe, imekwisha. Leo nitalala, bwana. Asante."

Fergal aliendelea kukata. Alikata kidogo, akachana, akakata tena pale pale alipokwisha kukata. Kwenye kioo alimwona rafiki yake amefumba macho, ametulia kama mtoto anayeoshwa uso, na hakuweza kuvumilia. Kumdanganya mtu ni jambo moja. Kumdanganya mtu aliyekukabidhi kichwa chake ni jambo jingine kabisa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akauweka mkasi mezani.

"Malachy, nimekudanganya."

Malachy alifumbua macho.

"Neasa tunamtangulizia Mnarani. Kila siku nahesabu watoto wa watu hapa kama kuku. Nilitaka wako aondoke njiani, wangu apite. Amepata mia mbili ishirini na moja."

Duka likanyamaza. Si kwa sababu ya uongo. Uongo Drumgannon wameuzoea. Ni ile namba. Hakuna aliyekumbuka kusikia namba ikitajwa hadharani, kwa sauti, na mtu mwenye akili timamu. Una Mulgrew alimziba mwanawe masikio, kisha akaona ni upuuzi, akaondoa mikono.

Malachy alimtazama kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umeiva. "Ningekuwa nimenyolewa pande zote mbili," alisema, "ningeinuka nikaenda zangu, na usingeniona tena humu."

"Najua."

"Lakini tazama ulivyoniacha! Nitapita vipi mtaani hivi?"

Declan alicheka kwanza, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikakataa. Malachy hakucheka. Alitoa mkono chini ya shuka, akajifuta nywele puani. Halafu akasema, kama mtu anayetema mfupa, "Mia mbili ishirini na tatu."

"Cahir?" Una aliinuka kabisa kwenye benchi. "Cahir wako? Mia mbili ishirini na tatu tu?"

"Tu? Tu ya nini, mama?"

"Sina maana hiyo, Malachy! Sisi tulidhani ana mia mbili arobaini! Huyu wangu ana ishirini na sita, na mimi silali, nasema wakina Cahir wote wako juu yake!"

"Binti yangu kumi na saba," alisema Declan kwa sauti ndogo, na mara ile akaonekana mwepesi kuliko alivyoingia. "Mia mbili kumi na saba. Mama mkwe amewasha mishumaa kanisani mpaka msimamizi amelalamikia moshi."

Mzee Packie alikunja gazeti lake. "Hebu nyamazeni. Mnajua kuhesabu watoto ila hamjui kuhesabu. Mtoto wa Toner ndiye mkali wa mji huu, sivyo? Na kapata ishirini na tatu. Mwaka jana wakali walipata ngapi?"

"Zaidi ya arobaini," alisema Una. "Dada mkubwa wa huyu wangu—" Akajishika mdomo, kisha akakata shauri. "Arobaini na tatu. Haya, nimesema."

"Basi mtihani ulikuwa mgumu kwa wote. Farasi wote wakienda polepole, wa kwanza ni wa kwanza vile vile. Mstari wa mwaka jana ni wa mwaka jana. Utashuka." Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Mmekaa humu mwezi mzima mnaogopana bure, kila mtu na namba yake mfukoni."

Watu walitazamana. Mabega yalikuwa yameshuka dukani kote.

"Na kwa kuwa leo ni siku ya kutubu," Mzee Packie aliendelea, "mimi nilishindwa. Mwaka wa sitini na moja. Marehemu mke wangu nilimwambia niliugua surua siku ya mtihani. Amekufa akinionea huruma kwa surua."

Hapo hata Malachy alicheka, akacheka mpaka Fergal akalazimika kumshika kichwa asijikate sikio. Upande wa kulia ukanyolewa. Alipomaliza, Malachy alisimama, akajitazama, akavaa koti. Mlangoni akageuka.

"Nitaweka Mnarani kwanza," alisema. "Na Cahir yuko juu ya wako kwa mbili."

"Yuko juu," Fergal alikubali. "Na anastahili."

Usiku ule alimweleza Dervla yote. Mkewe hakumfariji. Alisema angekuwa Malachy angemnyoa yeye, tena bila maji. Kisha wakafungua kompyuta, wakaiandika Mnarani juu kabisa, na Dervla akabonyeza kitufe cha kutuma kwa sababu kidole cha mumewe kilikuwa kinasitasita.

Machi na Aprili zilipita. Malachy alimsalimu mtaani kwa kichwa, si kwa mkono. Alirudi kunyoa, maana hasira haizuii nywele, lakini alizungumzia mvua tu. Fergal alivumilia, alijua amejitakia. Jambo la ajabu ni kwamba aliupata usingizi wake, ijapokuwa mstari ulikuwa bado haujulikani.

Habari ilikuja asubuhi moja ya Mei, Dervla akiwa bado na taulo kichwani. Alisoma kwenye simu mara mbili, akampa Fergal asome ya tatu.

"Ameingia," alisema Fergal. "Neasa! Neasa, umeingia Mnarani!"

Dervla alikaa kwenye ngazi akalia na kucheka pamoja. Neasa alitokea chumbani na soksi moja mguuni. Furaha ilimpanda usoni, waliiona kabisa, kisha akaizuia palepale ilipofika.

"Na Cahir?"

"Cahir sijui, mwanangu."

"Basi siwezi kufurahi bado," alisema. "Nenda kaulize, Baba. Tafadhali."

Fergal alitoka na ndara. Alikuwa hajafika nyumba ya pili alipomwona Malachy anakuja upande wake, shati halijafungwa vifungo, naye amevaa viatu vya mkewe vya bustani. Walisimama.

"Nimetumwa," alisema Malachy. "Hataki kula mpaka ajue ya Neasa."

"Na mimi nimetumwa. Ameingia. Wako?"

"Ameingia."

Walitazamana, na nyuso zao zote mbili zikawashinda kuzizuia. Malachy ndiye aliyepata maneno kwanza.

"Eithne amepiga simu kwa shemeji yake anayefundisha pale. Mstari umeishia mia mbili kumi na sita. Hata binti wa Declan kapita." Akamtazama rafiki yake machoni. "Nafasi zilikuwepo, Fergal. Ya wako na ya wangu. Zilikuwepo siku ile ile uliponiambia Mtoni."

Fergal alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa mwaka ule, na aibu ilikuwa imekaa katikati yake. Alimwekea Malachy mkono begani, na Malachy akauacha ukae.

"Haya, twende tukawaambie," Malachy alisema. "Mimi nataka kifungua kinywa."