Mrusha Radi Akabidhiwa Funguo

Mjukuu wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpaka mwanga wa ile kazi ulipomharibu macho. Vitu vikubwa bado anaviona; herufi ndizo zinazomkimbia. Daktari kamkataza kabisa kusogelea moto wa kuchomelea. Bosi wake akampa kazi ya stoo, kugawa glavu na misumeno, na alitaka jibu kesho yake asubuhi, la sivyo atamtafuta mwingine.

Jibu hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni hadithi ya vitabu viwili. Kile cha kwanza alikisoma mwenyewe akiwa mzima: mashujaa wanapigana na mfalme wa majivu, na kipenzi chake ni mwanamke mrusha radi. Hiki cha pili namsomea mimi, miwani puani, kidole chini ya mstari kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Vita vimekwisha. Jitu lenye shoka sasa ni mpishi, na hakuna sufuria lisiyoiunguza. Hapo mjukuu wangu alicheka akashika mbavu, nami nikaparudia, maana kicheko chake nilikuwa nimekisahau.

Lakini mchana, yeye akiwa amelala, nilikuwa nimetangulia kusoma. Mrusha radi, nguvu zimemwisha mikononi, anakabidhiwa funguo za ngome awe mlinda lango tu, anazitupa mtaroni. Nikafunga kitabu. Akisikia haya, nikasema, kesho hatoki kitandani.

Basi jioni tulipofika hapo nikatunga: "Mrusha radi akazipokea funguo kwa mikono miwili, akasema hewala, la muhimu ni uzima."

Akageuza uso kuelekea kitabu.

"Bibi."

"Abee, mke mwenzangu."

"Aliyesema hewala ni mrusha radi au ni wewe?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Acha hizo! Mwanamke aliyemtukana mfalme mbele ya jeshi lake? Tena kidole chako kimesimama. Nakiona."

Aibu ikanishika. Nikarudi juu ya ukurasa, nikasoma yaliyomo. Funguo mtaroni. Mrusha radi kakaa kwenye ngazi, analia mpaka kamasi, anawafukuza wanaombembeleza. Kumbe mchana sikufika mbali. Watu walijazana langoni, mvua inawanyeshea, watoto wanatetemeka. Akashuka mtaroni, akapapasa kwenye tope mpaka akazipata, akafungua lango bila kumtazama mtu usoni.

Mjukuu wangu hakucheka. Machozi yalimtiririka, na machozi yanayawasha macho yale. Nikataka kumfuta, akausukuma mkono wangu.

"Soma tena. Pale mtaroni."

Nikasoma. Nikasoma tena. Kisha akasema, "Nipigie bosi."

Nikampigia, nikamwekea simu sikioni.

"Bosi, kesho nakuja stoo. Lakini nakuja nimenuna, na mtu asiniambie pole."

Akanirudishia simu, akajilaza, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nikakaa palepale ukingoni mwa kitanda, na ile pole iliyokuwa imenifika mdomoni nikaimeza.